Uvivu wa Kiroho na Kazi ya Upendo katika Jimbo la Cyangugu

Mafundisho ya Kanisa Katoliki huuhesabu uvivu wa kiroho miongoni mwa vilema vikuu saba, yaani zile tabia mbovu ambazo zikishaota mizizi moyoni huzaa dhambi nyingine, na Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992, katika kifungu chake cha 2094, huuweka mahali pazito zaidi, kwenye orodha ya dhambi zinazopingana na upendo kwa Mungu, pamoja na kutojali, utovu wa shukrani, uvuguvugu na chuki. Anayeusoma mpangilio huo kwa makini hulazimika kuuliza swali ambalo mahubiri mengi hulipita haraka: kama uvivu huu ni adui wa upendo, je, mtu anayefanya kazi kutwa nzima, anayelipa zaka na kuhudhuria Misa kila Dominika, anaweza kuwa mvivu wa kiroho? Mapokeo ya Kanisa hujibu kwamba anaweza, tena bila ya yeye mwenyewe kujua, na maisha ya Wakatoliki wa Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, yanaonyesha uzito wa jibu hilo kuliko kitabu chochote cha maadili.

Rusizi, ambayo wazee na jimbo lenyewe la Kanisa bado huiita Cyangugu, si mahali pa kuwatafuta wakaa bure. Asubuhi na mapema wachuuzi wa Kamembe huelekea mpakani wakiwa na mizigo ya mboga, matunda na kuku wa kuuza Bukavu. Bondeni Bugarama watu hushinda wameinama katika mashamba ya mpunga, huko Shagasha chai huchumwa, vilimani kahawa hupaliliwa, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi raia wote huitwa kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha njia, kuchimba mitaro na kujengea wasiojiweza. Aliyelelewa katika mazingira haya hujua kumtofautisha mchapakazi na mzembe kabla hajajua kusoma, na ndiyo maana padre anapokemea uvivu kanisani, kila mmoja hudhani anasemwa jirani yake.

Waliouchunguza ugonjwa huu mwanzo walikuwa wamonaki wa jangwa la Misri. Evagrius wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, aliueleza kwa jina la akedia, ambalo waandishi wa mambo ya kiroho wanalitumia hadi leo kwa maana ya hali ya moyo kuchoshwa na mambo ya Mungu, na akaufananisha na pepo wa adhuhuri anayemvamia mmonaki kati ya saa nne na saa nane mchana (saa ambazo Mswahili, kwa bahati njema, huzihesabu kama alivyozihesabu Evagrius mwenyewe). Katika saa hizo jua huonekana limegoma kusogea. Mmonaki huchungulia dirishani mara kwa mara, hutoka nje kutazama kama kuna ndugu anayekuja, huichukia kazi ya mikono yake, hujiambia kwamba upendo umetoweka kati ya wenzake, na mwishowe huanza kuwaza mahali pengine ambako kumpendeza Mungu kungekuwa kwepesi zaidi. Yohane Kasiano, aliyeyapeleka mafundisho hayo katika nchi za Magharibi mwanzoni mwa karne ya 5, aliongeza jambo linalouma zaidi, kwamba pepo huyo mara nyingi huja na mapendekezo ya kidini, kama vile kwenda kumtazama mgonjwa wa mbali au kumsaidia mtu asiye na ndugu, ilimradi mmonaki aondoke pale anapotakiwa kuwa. Ugonjwa wenyewe, kwa hiyo, ni kukimbia, na mkimbizi wa namna hii anaweza kukimbia kwa miguu yenye bidii sana.

Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, ndiye aliyeipa hoja hiyo umbo lake kamili, aliposema kwamba uvivu wa kiroho ni aina ya huzuni inayomshika mtu mbele ya wema wa Mungu wenyewe, kwa sababu wema huo, ukipokelewa, utamdai kitu. Mtu huona kwamba urafiki na Mungu ni mzuri, lakini huona pia utakachomgharimu: kuacha uongo fulani, kumrudishia mtu mali yake, kumsalimu yule ambaye macho hayataki kumwona, na badala ya kufurahia zawadi, huhuzunika kwamba amepewa. Miongoni mwa watoto wa kilema hiki Tomaso, akimfuata Papa Gregori Mkuu, alitaja kukata tamaa, woga wa moyo unaomfanya mtu ayakwepe mambo makubwa, kinyongo dhidi ya wale wanaomwita kwenye wema, na kuzurura kwa akili. Tena aliuhusisha uvivu huu na amri ya kuitakasa siku ya Bwana, jambo linalowashangaza wengi, kwa kuwa amri hiyo huwataka watu waache kazi. Lakini hoja yake ni kwamba mvivu wa kiroho hushindwa kutulia ndani ya Mungu, na kwa kuwa hawezi kutulia hutafuta shughuli, yoyote ile, hata halali, hata ya kanisani. Katibu wa kamati ya ujenzi wa kigango ambaye hajasali kwa dakika tano mfululizo tangu Kwaresima ni mgonjwa wa kilema hiki, ingawa daftari lake la michango ni safi na halina kasoro.

Ukristo wa Rusizi ulianza kwa subira. Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Charles Lavigerie mwaka 1868, walifungua misheni ya Mibirizi mwezi Desemba 1903, miaka 3 tu baada ya ile ya Save iliyokuwa ya kwanza nchini, na jina la Mibirizi limebaki duniani kote katika aina ya kahawa inayohusishwa na misheni hiyo. Lavigerie alikuwa ameagiza kwamba ukatekumeni, yaani kipindi cha mafunzo na majaribio kabla ya ubatizo, udumu miaka 4, kwa sababu aliamini kwamba imani isiyopewa muda haishuki kutoka mdomoni. Baada ya Mutara Rudahigwa kutawazwa kuwa mfalme mwaka 1931 hali ilibadilika, kwani machifu na watu wao waliingia kanisani kwa wingi kiasi kwamba wamisionari wenyewe walilifananisha wimbi hilo na tufani. Mfalme alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 aliiweka nchi nzima chini ya Kristo Mfalme. Hakuna haki ya kuidharau imani ya waliobatizwa wakati huo, lakini ubatizo ulikuwa umeanza kuwa desturi ya nchi, na desturi ina raha yake: humbeba mtu. Methali ya Kinyarwanda husema kwamba Mungu hushinda kwingine lakini hurudi kulala Rwanda, na ni methali ya faraja kubwa, ila katika moyo uliozembea huweza kugeuka kuwa ruhusa ya kulala pia, kwa kuwa mwenye nyumba hakosi kurudi.

Jimbo la Cyangugu, lililomegwa kutoka Nyundo tarehe 5 Novemba 1981, lilikuwa na umri wa miaka 12 tu wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Waliokimbilia parokiani kwa kuamini kwamba nyumba ya Mungu haiguswi waliuawa humo humo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, ilithibitisha katika hukumu ya mwaka 2010 mashambulizi ya parokia ya Shangi tarehe 29 Aprili na ya Mibirizi tarehe 30 Aprili 1994. Ingekuwa wepesi usio na adabu kusema kwamba uvivu wa kiroho ndio uliosababisha maovu hayo, ambayo yalipangwa, yakafundishwa na kuamriwa. Hata hivyo mchunguzi wa kilema hiki hawezi kulikwepa jambo moja, kwamba wauaji waliamka mapema, walitembea mchana kutwa, na mauaji yenyewe waliyaita kazi. Kama bidii peke yake ingekuwa kinga ya roho, Aprili ya mwaka ule isingewezekana. Maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha mwezi Novemba 2016 kwa niaba ya Wakristo walioshiriki, na Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za waamini wake alipompokea Rais Kagame mwezi Machi 2017.

Ni katika parokia ya Mushaka, wilayani Rusizi, ambako swali la uvivu wa kiroho lilipata jibu la vitendo, ingawa waliohusika hawakuliita hivyo. Paroko wake, Padre Ubald Rugirangoga, ambaye mama yake na ndugu wengi waliuawa mwaka 1994, na ambaye alimsamehe mtu aliyehusika na kifo cha mama yake hata akasaidia kuwasomesha watoto wa mtu huyo, aliona kwamba mahakama za gacaca, zile za wananchi zilizofungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012, ziliweza kumfanya mtu akiri kosa na kutumikia adhabu, lakini hazikuweza kumfanya arudi kuwa jirani. Waliotoka gerezani walirudi pia kanisani, wakapanga mstari wa Komunyo nyuma ya mjane au yatima wa yule waliyemuua, na pande zote mbili zikajifunza kutotazamana. Mpango wa Mushaka uliwataka watu hao wajizuie kupokea sakramenti kwa muda, wafuate mafundisho kwa takribani miezi 6 kana kwamba wamekuwa wakatekumeni upya, kisha waombe msamaha hadharani mbele ya familia walizozijeruhi, ndipo wapokewe tena mezani pa Bwana. Nao walionusurika walikuwa na mafundisho yao, kwa mwendo wao, bila kulazimishwa kufika mwisho pamoja na wengine.

Linalofaa kutazamwa hapa ni ile miezi 6. Mtu aliyekwisha kukiri mbele ya mahakama na kumaliza kifungo chake angeweza kudai, kwa haki fulani, kwamba deni limelipwa. Na mtu aliyenusurika angeweza kudai, kwa haki kubwa zaidi, kwamba asisumbuliwe. Kile ambacho Tomaso alikiita huzuni mbele ya wema kinaonekana hapa waziwazi, kwa sababu wema unaotolewa, yaani kurudi kuwa watu wa meza moja, ni mkubwa kiasi cha kuogofya, na moyo hupendelea amani ndogo isiyodai kitu, ile ya kusalimiana kwa mbali na kupita njia nyingine. Parokia haikupigana na huzuni hiyo kwa mahubiri ya moto wala kwa siku moja ya machozi, ilitoa ratiba. Ilimwambia mtu afike siku fulani, akae na wenzake fulani, asikilize, aseme, arudi nyumbani, na arudi tena, akiwa na hamu au hana. Katika karne ya 4 Evagrius alikuwa ameagiza dawa hiyo hiyo, kwamba mmonaki ajiwekee kipimo kwa kila kazi na asiondoke kabla ya kukitimiza, na Ignasi wa Loyola baadaye alishauri kwamba anayesikia uzito katika sala aipitishe kidogo saa aliyojiwekea badala ya kuikatisha, na asibadilishe uamuzi wowote mzuri wakati wa ukavu. Dawa haina mvuto, na labda ndiyo sababu husahaulika kila kizazi.

Lazima hapa iwekwe tofauti ambayo wahubiri wasipochunga huiruka na kuumiza watu. Si kila aliyeshindwa kusali ni mvivu. Mwezi wa Aprili, kumbukumbu ya mauaji inapoanza, wapo ambao miili yao hutetemeka na sauti kuwakauka, hali ambayo Wanyarwanda huiita ihahamuka, nayo ni jeraha la nafsi linalohitaji mganga na watu wa kukaa karibu, wala halina uhusiano na kilema cha maadili. Mtu wa namna hiyo akiambiwa aongeze Rozari amepigwa mara ya pili. Upo pia ukavu ambao Yohane wa Msalaba, katika karne ya 16, aliueleza kuwa njia ya Mungu ya kumlea mtu, na alitoa kipimo chepesi cha kuutofautisha na uvuguvugu: aliyekauka hana ladha ya mambo ya Mungu lakini anahangaika, anaogopa kwamba amerudi nyuma, ilhali aliye vuguvugu hana ladha na wala hana habari. Kwa kipimo hicho, yule mjane anayekaa benchi la nyuma kanisani bila kuweza kutamka Baba Yetu yote, kwa sababu ya lile ombi la kusamehe wakosaji, huenda yuko mbali zaidi na uvivu wa kiroho kuliko kwaya nzima iliyo mbele yake.

Katika maisha ya kila siku, mahali ambapo kilema hiki hukutwa na kutibiwa ni jumuiya ndogo ya Kikristo, inayojulikana Rwanda kwa jina la umuryangoremezo, yaani kikundi cha kaya za jirani zinazokutana nyumba kwa nyumba kusoma Injili, kusali na kusaidiana. Ukubwa wake ndio ukali wake. Kanisani mtu anaweza kuchagua benchi. Kwenye jumuiya mkeka ni mmoja, mwenyekiti anajua nani hayupo, na aliyegombana na mwenzake kwa ajili ya mpaka wa shamba au mbuzi aliyekula maharage hana pa kujificha. Wengi husema hawafiki kwa sababu ya shughuli, na shughuli zipo kweli, hasa kati ya Machi na Julai wakati kahawa inapoiva, miezi ambayo kwa sehemu ndiyo pia ya kumbukumbu. Lakini mara nyingi kinachokwepwa ni uso wa mtu mmoja. Wakulima hawa wenyewe wanajua kwamba tunda la kahawa haliivi lote kwa pamoja, kwamba kwenye tawi moja huwapo jekundu na la kijani, na kwamba mchumaji hurudi kwenye mti ule ule mara kadhaa katika msimu, akichukua lililo tayari na kuliacha lisilo tayari bila kuukata mti. Sala na upatanisho hudai mwendo huo huo, na anayetaka kumaliza yote kwa siku moja huishia kukwanyua mabichi au kususa shamba.

Mila za Kanisa zina vifaa vidogo kwa ajili ya mwendo huo, na thamani yake iko katika udogo wake. Sala ya Malaika wa Bwana, inayosaliwa asubuhi, adhuhuri na jioni, huchukua dakika chache tu, na ile ya adhuhuri inaangukia katikati kabisa ya saa za pepo wa Evagrius, wakati mchuuzi anahesabu hasara ya asubuhi na mwalimu anatazama saa ya ukutani. Kuisali kwa kusimama, jembe likiwa chini na simu ikiwa mfukoni, ni kukubali kwa mwili kwamba mahali pa kukutana na Mungu ni hapo hapo. Kujichunguza dhamiri kabla ya kulala kuna faida ya pekee kama mtu akiuliza ni nani aliyemkwepa mchana ule, badala ya kuuliza tu ni kosa gani alilolitenda, kwa kuwa uvivu wa kiroho huacha alama zake zaidi katika yasiyofanyika. Kitubio, yaani sakramenti ya upatanisho, hufanya kazi yake vizuri zaidi kikiwa na siku yake katika mwezi kuliko kikingojea mtu ajisikie. Papa Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 14 Februari 2024 kuhusu kilema hiki, aliitaja subira ya imani kuwa dawa yake kuu, yaani kukaa na kumpokea Mungu katika hali iliyopo, bila kusubiri hali bora.

Wapo wanaopinga kwamba ratiba huzaa Ukristo wa mazoea, ule ule uliofeli mwaka 1994, na pingamizi hilo lina nguvu. Mtu anaweza kumaliza miezi 6 ya Mushaka kama anavyomaliza foleni ya serikali, na anaweza kuomba msamaha hadharani kwa sababu macho ya kijiji yanamtaka afanye hivyo. Vivyo hivyo aliyenusurika anaweza kutamka neno la kusamehe kwa sababu kukataa kungemfanya aonekane Mkristo mbaya, na shinikizo la namna hiyo ni dhuluma hata likivaa kanzu. Lakini mazoea yaliyofeli yalikuwa yale yasiyomdai mtu chochote kuhusu jirani yake: alihesabiwa, akapewa kadi, akaachwa. Ratiba inayomrudisha mtu kila juma mbele ya mtu yule yule ni kitu cha aina nyingine, kwa sababu hata anayekuja kwa unafiki huja, na akija hukutana na uso ambao haukuandikwa katika unafiki wake. Upendo, kwa mafundisho ya Tomaso, ni tendo la utashi kabla ya kuwa joto la moyo, na utashi hufunzwa kwa kurudiarudia. Joto likija ni shukrani, lisipokuja kazi iliyofanyika imefanyika.

Padre Ubald alifariki Marekani tarehe 7 Januari 2021, akazikwa Rusizi, kando ya Ziwa Kivu, katika kituo cha sala alichokianzisha na kukiita Ibanga ry'Amahoro, yaani siri ya amani. Kazi aliyoiacha haijapungua, kwa sababu vifungo virefu vilivyotolewa na gacaca vinaendelea kumalizika, na wanaotoka sasa ni wazee waliokaa gerezani miongo miwili na zaidi, wanaorudi katika vijiji ambamo mipaka ya mashamba imebadilika na wajukuu hawawajui. Wanaopaswa kuwapokea na kuwafundisha ni makatekista ambao wengine hawakuwa wamezaliwa mwaka 1994, watu wasio na kosa la kukiri wala kumbukumbu ya kusamehe, na ambao kishawishi chao kiko tofauti kabisa na cha wazazi wao: kuona kwamba habari hii ni ya watu wengine, kwamba mwaka huu darasa lina wanafunzi wawili tu, na kwamba ukumbi ungefaa zaidi kwa mazoezi ya kwaya.